Nilivyofuta picha za sendofu ya watu kisa kusoma orodha ya mafaili vibaya

Habari zenu wadau. Hii nimekaa nayo muda mrefu kwa sababu ya aibu, ila juzi nimeona dogo mmoja ana studio Mwenge anataka kufanya kitu kilekile nilichofanya mimi, nikasema hapana, acha niandike tu hata kama mtanicheka.

Mimi nina kistudio Sinza, napiga picha za harusi, sendofu, kicheni pati, komunyo, na pembeni kuna steshenari ya kawaida tu, pasipoti saizi, fotokopi, laminesheni. Kazi zote nahifadhi kwenye diski za nje, ziko tatu, na ile kubwa ya TB 2 ndo ilikuwa na karibu maisha yangu yote tangu nianze. Sasa ikafika msimu wa harusi nina kazi mbili za wikiendi hiyohiyo, naangalia diski imebaki GB 9. Harusi moja tu na video zake inakula zaidi ya hapo. Diski mpya nikaulizia Kariakoo wakaniambia laki mbili na thelathini, nikaona hela hiyo bora nilipie pango, ngoja nisafishe hii iliyopo.

Kusafisha kwa mausi ni mateso. Unafungua folda, ndani kuna folda, ndani kuna nyingine inaitwa NEW FOLDER (3), ukitafuta kwenye kile kiboksi cha juu mstari wa kijani unatembea taratibu mpaka unaenda kula chakula unarudi bado. Kuna dogo wa chuo anakujaga kuprinti riporti zake pale kwangu, akaniona nahangaika akasema bro kwa nini usitumie ile skrini nyeusi, ukitoa orodha ya mafaili yote ya folda zote kwa mstari mmoja tu. Akanionyesha. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, ingia, andika E: (herufi ya diski yako) halafu

dir /s

Jamani. Maandishi yalikimbia kama konda wa Mbagala anaita abiria. Maana yake ni kwamba dir peke yake inakuonyesha folda uliyosimama tu, ukiongeza /s inaingia kila folda iliyo ndani, na iliyo ndani ya iliyo ndani, mpaka mwisho. Akaongeza /b ikawa inatoa njia nzima ya kila faili bila maelezo mengine, E:\HARUSI\nini\nini\IMG_0231.JPG, mstari mmoja faili moja. Halafu akanifundisha kuimwaga kwenye faili badala ya skrini:

dir E:\ /s /b /a-d > C:\orodha\orodha.txt

Hiyo /a-d inaondoa majina ya folda inabakiza mafaili tu. Hapo nikajiona na mimi mtaalamu kabisa. Dogo akaondoka zake kwenye mtihani, na mimi nikabaki na elimu nusu.

Makosa madogo niliyofanya siku ya kwanza nayataja harakaharaka maana kila mtu atayafanya. Moja, nilifungua PowerShell (skrini nyingine ya kuandikia amri kwenye Windows) nikidhani ndo CMD, ile nyeusi, kwa sababu zote zina maandishi tu, nikaandika dir /s ikanijibu haioni njia inayoishia na \s, nikadhani diski imekufa. Hapana, PowerShell haielewi hiyo /s kama CMD, inadhani ni jina la folda. Mbili, nilitoa orodha ya diski ya kwanza, nikatoa ya diski ya pili kwenye jina lilelile la faili, ile ya kwanza ikapotea yote. Mshale mmoja > unaandika upya, unafuta kilichokuwepo, mishale miwili >> ndo inaongezea chini. Hilo lilinigharimu dakika kumi tu. Linalofuata ndo lilinigharimu hela.

Nikaichukua orodha yangu nikaifungua kwenye Excel. Excel naijua vizuri maana ndo napigia mahesabu ya steshenari. Nikatenganisha njia na jina la faili, jina likakaa kwenye kolamu yake, nikapanga kwa alfabeti. Nikaona IMG_0231.JPG iko mara tisa. IMG_0232.JPG mara tisa. Zinashuka hivyohivyo ukurasa baada ya ukurasa. Nikacheka peke yangu, nikasema kumbe diski haijajaa kazi, imejaa makopi! Maana nilikuwa na tabia ya kukopi folda ya harusi kabla ya kuediti, kwa hiyo kichwani iliingia kabisa kwamba hizi ni kopi tu.

Wale mnaopiga picha nadhani mshaelewa tatizo liko wapi. Kamera yangu ni Canon, inahesabu IMG_0001 mpaka IMG_9999, ikifika hapo inarudi IMG_0001. Mtu anayepiga harusi kila wikiendi anazunguka hiyo namba mara kibao. IMG_0231 ya harusi ya Kigamboni na IMG_0231 ya komunyo ya Tabata zimefanana jina tu, kama vile kina Juma walivyojaa mtaani kwetu. Na mimi hilo nalijua! Namaanisha nilikuwa najua kabisa, siku zote naona namba zinarudi moja kwenye kamera. Ila nikiwa mbele ya ile orodha sikuwaza kamera, niliwaza orodha.

Na orodha yenyewe ilichangia. Ile /b niliyoipenda ndo inayoondoa saizi na tarehe. Ningekuwa nimetoa orodha yenye saizi ningeona moja ina MB 7.9 nyingine MB 6.2 nyingine MB 8.4, hata mtoto angesema hizi si kopi.

Nikaendelea na ufundi wangu. Kwenye Excel nikaweka alama kila jina lililojirudia, la kwanza nikaliacha, yanayofuata nikayaandikia del (amri ya kufuta) mbele ya njia yake, nikahifadhi kama faili la .bat, yaani faili la amri ambalo ukilirusha kompyuta inazitekeleza mstari kwa mstari. Mara ya kwanza kulirusha likagoma, limejaa Could Not Find, kwa sababu folda zangu zina nafasi kwenye majina na sikuweka alama za kunukuu. Mungu alikuwa ananiambia acha. Mimi nikatafuta dawa, nikaweka alama za kunukuu kila mstari, nikarusha tena. Likafanya kazi vizuri sana.

GB 212 zikaachia. Mafaili karibu elfu ishirini na sita. Nikaenda kununua chipsi mayai na soda nikakaa nje najipongeza.

Kingine sikujua, del ya kwenye CMD haipeleki kitu kwenye Recycle Bin. Hakuna kapu la taka hapo, ukifuta umefuta.

Wiki tatu zikapita. Nimeshapiga zile harusi mbili, nimezimwaga kwenye diski ileile, GB 40 hivi, maisha mazuri. Akaja dada mmoja, mteja wangu wa 2022, sendofu yake ilifanyika Jumamosi 14 Mei. Akasema kaka za siku, naomba unitolee tena ile kazi yangu, flashi uliyonipa watoto wameipoteza, na nyumbani kuna ubishi kidogo unahitaji picha. Nikamwambia kaa dada yangu, dakika tano tu.

Nikafungua folda. Picha 328. Mimi nakumbuka kazi ile ilikuwa 840, maana niliandika kwenye daftari la oda. Nikapanda juu nikashuka chini. Namba zinaruka, IMG_0198, halafu IMG_0544. Nikaingia folda ya harusi nyingine, hivyohivyo, meno yameng'oka. Nyingine, hivyohivyo. Jasho jembamba likaanza kunitoka na feni inapuliza.

Naomba niseme ukweli hapa, nilimdanganya. Nilimwambia dada diski iko kwa fundi, pitia Jumatano. Diski ilikuwa mezani inawaka taa. Kufika Jumatano nikamdanganya tena. Usingizi sikupata siku mbili, mke wangu akadhani nimefumwa na deni.

Nikaenda Kariakoo kwa mafundi. Wa kwanza akasema laki nne, na hana uhakika. Wa pili akachukua elfu hamsini ya kuangalia tu, akakaa nayo siku mbili, akanirudishia akisema imeshindikana, na nina wasiwasi hakuichomeka hata kwenye kompyuta. Ushauri wa bure, kabla hujatoa hela ya kuangalia muulize fundi atatumia programu gani na atakuonyesha nini kabla hujalipa zote. Akiwa mkali kwa hilo swali, chukua diski yako uondoke.

Mwishowe nikamtafuta yule dogo wa chuo. Nikamweleza yote bila kuficha. Alikaa kimya kidogo halafu akauliza, "Bro, baada ya kufuta uliandika kitu kingine kwenye diski?" Nikamwambia harusi mbili. Akashika kichwa. Akanielezea kwamba faili likifutwa data yake inabaki palepale kwenye diski, ila ile nafasi inahesabika iko wazi, ukiandika kitu kipya kinakaa juu ya kile cha zamani, na hapo ndo inakuwa basi tena. Kwa hiyo ukigundua umefuta kitu, chomoa diski. Usikopi, usijaribu kuinstoli programu ya kurudishia kwenye diski hiyohiyo. Nunua nyingine. Ile laki mbili na thelathini niliyoikimbia ikanirudia, nikainunua diski mpya kwa kukopa kwenye kikoba cha wife.

Dogo akaja na flashi ya Ubuntu (aina ya Linux, unaiwasha kwenye flashi badala ya Windows) yenye programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa inaitwa PhotoRec, ya bure. Laptopu yangu betri ilishakufa, inaishi kwa umeme wa ukutani. Akaianzisha akiwa ndani ya diski mpya akaniachia, akasema ikiuliza jambo nipigie. Ikauliza kama nataka kuchunguza Free au Whole, mimi sikumpigia, nikachagua Whole nikijua nzima ndo bora. Kosa. Whole inapitia diski yote ikiwemo picha zilizopo salama, inazirudisha na zenyewe. Masaa kumi na moja yamepita, diski mpya inajaa picha ambazo sijawahi kuzifuta, halafu umeme ukakatika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikashukuru umeme kukatika. Uliporudi ikauliza kama naendelea pale ilipoishia, maana inaweka kumbukumbu kwenye faili la photorec.ses kwenye folda ilipoanzishwa, na folda yenyewe iko kwenye diski mpya. Ingekuwa imeanzishwa ndani ya Ubuntu ya flashi kumbukumbu ingepotea na umeme. Safari hii nikampigia. Akasema futa hizo zote, anza upya na Free, inapitia zile sehemu zilizo wazi tu. Masaa machache ikamaliza.

Sasa hapa ndo nilijifunza kuorodhesha mafaili kiukweli, maana PhotoRec hairudishi majina wala folda zako. Inatengeneza folda recup_dir.1, recup_dir.2, recup_dir.3, kila moja kama mafaili mia tano, na mafaili yanaitwa f na namba ndefu, f38291456.jpg. Nilipata folda themanini na nne. Mafaili zaidi ya elfu arobaini hayana jina wala harusi. Nikajaribu kufungua folda moja moja kwa macho, ya sita nikaacha.

Kwenye Linux mambo ya dir yanakuwa ls. ls inaonyesha folda uliyopo, ls -R inaingia za ndani zote. Nikataka kujua jumla nikaandika ls -R | wc -l (hiyo wc -l inahesabu mistari) nikapata namba kubwa kuliko uhalisia, kwa sababu inahesabu na vichwa vya folda na mistari mitupu. Cha kuaminika ni find:

find . -type f | wc -l

Hiyo inahesabu mafaili tu. Na nikagundua karibu nusu ya mafaili yanaanza na t badala ya f. Hizo ni vile vipicha vidogo vinavyokaa ndani ya kila picha ya kamera ili kamera ikuonyeshe harakaharaka, programu inavitoa pembeni. Vya nini hivyo, nikavitupa kwenye hesabu, nikabakiza za f zenye saizi ya kueleweka:

find . -type f -iname "f*.jpg" -size +1M

Zikabaki elfu ishirini na moja na kitu. Zingatia hizo alama za kunukuu, usiziache. Mimi nilikuwa nimevuta picha mbili tatu nje ya folda kuzitazama, nikaandika bila alama, ikatoa lawama kwamba njia inatakiwa itangulie, sikuelewa kabisa. Kumbe bila alama ile nyota inafunguliwa na skrini yenyewe kabla find haijaiona, inabadilishwa kuwa majina ya mafaili yaliyopo hapo uliposimama. Ukiwa na faili moja tu linalofanana hata lawama hutapata, itakuletea hilo moja na utaamini hakuna mengine. Hilo la pili ndo baya zaidi.

Na iname badala ya name kwa sababu JPG na jpg kwa Linux ni vitu viwili tofauti.

Elfu ishirini na moja bado ni nyingi, ila picha za kamera zinabeba tarehe ya kupigwa ndani yake na PhotoRec ikiisoma inaliwekea faili tarehe hiyo. Kwa hiyo nikaomba za siku ya sendofu tu:

find . -iname "f*.jpg" -newermt "2022-05-14" ! -newermt "2022-05-15"

Zikaja. Walahi nilipiga kelele mpaka mteja wa fotokopi akaruka. Kwanza kabisa nikaona MC, halafu keki, halafu dada mwenyewe anaingia ukumbini na ile gauni ya kijani. Ila zikaishia kwenye chakula. Nikahangaika nusu saa najiuliza ngoma zimeenda wapi, kumbe ile sendofu ilivuka saa sita usiku, tarehe ikabadilika! Nikaisogeza mpaka tarehe 16 zikaja na za kufunga muziki.

Kuzikusanya niliweka mwisho wa ule mstari -exec cp -n {} halafu folda ya kwenda na \; na hiyo -n ni kwamba kama kuna jina limeshakuwepo isiliandike juu yake. Baada ya yaliyonikuta sikopi kitu bila hiyo, hata kama najua majina hayagongani.

Hesabu ya mwisho, zilizobaki 328, zilizorudi 431, jumla 759 kati ya 840. Themanini na moja zimekwenda, ziko chini ya harusi mbili nilizomwaga juu yake. Dada nilimwita nikamweleza ukweli wote, na ule uongo wa fundi nikauungama. Alinuna, halafu akasema ingekuwa mwingine angenizungusha mwaka mzima. Nikamrudishia laki moja na nusu ambayo hakuiomba. Ukiweka diski, fundi wa elfu hamsini, na siku nilizofunga kazi, nilipoteza zaidi ya laki sita kwa kukwepa laki mbili na thelathini. Na kuna wateja wengine ambao folda zao zina mapengo mpaka leo hawajaja kuuliza, hilo nalo linanikaa.

Siku hizi nikitaka orodha ya kufanyia maamuzi situmii ile fupi. Natumia PowerShell, ndefu lakini inaleta njia, saizi na tarehe kwa pamoja na inafunguka Excel bila ugomvi:

Get-ChildItem E:\ -Recurse -File | Select-Object FullName, Length, LastWriteTime | Export-Csv C:\orodha\E.csv -NoTypeInformation

Ukitaka na mafaili yaliyofichwa ongeza -Force. Na kama unashuku mafaili mawili ni kopi kweli, jina sawa na saizi sawa bado sifuti, nayapiga Get-FileHash, ikitoa ule mlolongo wa herufi unaofanana kwa yote mawili ndo najua ni kitu kimoja.

Ile fupi ya dir /s /b sijaitupa ila nimeipa kazi nyingine. Kila Ijumaa jioni nachomeka kila diski natoa orodha yake naipa jina la diski na tarehe, najitumia kwenye imeili. Mteja akija nasema tu findstr /i "tabata" C:\orodha\*.txt inaniambia iko diski gani folda gani, bila kuchomeka diski hata moja. Folda nazo sasa zinaanza na tarehe, 2022-05-14 sendofu Tabata, zinajipanga zenyewe. Na picha zikitoka kwenye kadi nabadilisha majina hapohapo tarehe itangulie, sitaki tena kumuona IMG_0231 maishani mwangu.

Sasa ule ubishi wa nyumbani kwa dada. Shangazi yake anasema siku ya sendofu alitoa friji, watu wa upande wa pili wanasema shangazi alitoa feni, friji ililetwa na kamati. Picha zilikuwa ndo hakimu. Nikatafuta kwenye zile 759, friji lipo ila limesimama peke yake, shangazi hayupo. Ile ya kukabidhi ilikuwa kati ya zile themanini na moja. Shangazi akapata namba yangu. Akanipigia asubuhi, hata shikamoo yangu hakuimalizia, "We kijana, umenifutia friji langu."

Nilikaa na hilo miezi miwili. Halafu usiku mmoja nikakumbuka vile vipicha vya t nilivyovidharau. Nikavitolea orodha kwa tarehe ileile, nikatoa na ya zile za f, nikalinganisha namba zake, nikaona kuna t kadhaa ambazo f yake haikurudi. Nikazipitia moja moja. Ya kumi na kitu, friji jeupe, utepe mwekundu, na shangazi ameushika mlango kabisa anacheka.

Ni pikseli 160 kwa 120. Ukiiprinti ikawa kubwa kuliko stempu inageuka matofali. Nikaiprinti hivyohivyo saizi ya stempu, nikaipiga laminesheni, nikampelekea mwenyewe Tabata. Akavaa miwani, akaisogeza dirishani, akaangalia muda mrefu sana, halafu akaichomeka nyuma ya kava la simu yake. Wanasema kwenye vikao sasa hivi anaitoa kama kitambulisho.

Ila kunisalimia bado.